“Smooth as silk” maana yake nini hasa, na kwa nini hariri?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: “Shikamoo mwalimu. Mimi natafsiri matangazo na maelezo ya bidhaa, Kiingereza kwenda Kiswahili. Wiki hii nimekutana na ‘smooth as silk’ mara tatu, kwenye losheni ya ngozi, kwenye gari linavyobadili gia, na kwenye ripoti ya mkutano. Zote nimeandika laini kama hariri. Bosi kaipitisha ya losheni, mbili kanirudishia, anauliza gari gani laini kama hariri? Huu msemo maana yake nini na ulitoka wapi?”

Marahaba dada yangu. Bosi wako yuko sahihi, ila na wewe hukukosea kama unavyodhani, maana kosa halipo kwenye neno hariri, lipo kwenye lile neno la kwanza, “smooth”. Waingereza wamelibebesha mzigo ambao sisi tumewagawia maneno manne matano tofauti. Hariri imeingia pale kama kipimo tu, kama sisi tunavyosema mweupe kama pamba au mchungu kama shubiri, yaani kitu kimefika mwisho wa sifa yake. Kwa hiyo kwa ufupi kabisa “smooth as silk” maana yake ni kitu kisicho na kikwazo hata kidogo, hakikwaruzi, hakishtui, hakikwami. Kama ni ngozi ni nyororo, kama ni mashine inaenda bila kutetemeka, kama ni shughuli imepita bila tatizo, kama ni mtu basi ana maneno ya kuteleza na hapo wakati mwingine ujue unatahadharishwa.

Sasa kwa nini hariri na sio kitu kingine? Hapa nataka tukae kidogo maana ndo penye utamu.

Zamani nilikuwa napenda sana kukaa barazani kwa fundi cherehani mmoja mzee pale Kariakoo. Mteja akija na kitambaa anasema hiki hariri nimeletewa kutoka nje, mzee habishani naye, anachomoa uzi mmoja pembeni, anawasha kiberiti, anauunguza. Ukiwa wa plastiki (na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa) unayeyuka unajikunja kuwa kidonge kigumu cheusi. Ukiwa hariri ya kweli unaungua polepole, unanuka kama nywele zilizoungua, na unachobakiza ni jivu ukiligusa linasagika vidoleni, kwa sababu hariri ni protini kama nywele zako tu, imetoka kwenye mwili wa mdudu. Ila kilichonikaa kichwani zaidi sio moto, ni mikono yake. Kabla hajashika hariri ya mtu alikuwa anapaka mafuta vidole vyote, anajifuta vizuri, ndo anaanza kazi, nikamuuliza babu unaogopa kuichafua? Akasema hapana, vidole vyangu vimepasuka, ukishika hariri kwa kidole kikavu kinanasa uzi unautoa nje. Yaani kitambaa ni laini mpaka kinakuonyesha ukavu wa mkono wako mwenyewe, pamba haiwezi kukufanyia hivyo, pamba inakuvumilia.

Sababu yake iko kwenye uzi wenyewe. Kiwavi wa hariri akishakula majani ya mforosadi akashiba anaanza kujifungia ndani ya kifuko, anatoa ute mdomoni huku anazungusha kichwa kama anachora namba nane, siku mbili tatu hapumziki, na ule ute unakauka unakuwa uzi mmoja tu, mmoja bila kukatika, ambao ukiufungua unaweza kupita mita 900. Hebu pima na uwanja wa mpira, urefu wa viwanja vinane na zaidi kutoka kwenye kifuko unachoweza kukifumbata mkononi. Unyuzi wa pamba una sentimita mbili na nusu au tatu hivi, kwa hiyo kupata uzi wa pamba lazima usokote maelfu ya vipande vifupi pamoja na kila kipande kina ncha zake mbili zinazochomoza nje, ndo zile unazozisikia kwenye shuka jipya. Sufu ya kondoo nayo ina magamba madogo madogo, tena ncha za nyuzi zake nene zinachoma, ndo maana sweta linawasha shingoni. Hariri haina ncha njiani wala haina magamba. Ikitoka kwa kiwavi inakuwa imepakwa gundi, basi wanaichemsha na sabuni gundi inatoka, na unaobaki ndani ni uzi wenye umbo la pembetatu iliyolainishwa pembe zake, unaorudisha mwanga, ndo ule mng’ao unaouona kitambaa kikicheza. Kwa hiyo aliyesema smooth as silk hakuwa anapamba maneno, kabla ya nailoni na mashine za kisasa hakukuwa na kitu cha kuvaa ambacho mkono ungepita juu yake bila kukutana na chochote namna ile.

Sasa tuje kwenye asili ya maneno. “Smooth” ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, wamekuwa nalo zaidi ya miaka elfu. “Silk” ndo lenye safari ndefu. Wagiriki wa kale walikuwa wanawaita watu wa mbali mashariki wanaoleta kitambaa hiki Seres, Walatini wakaiita hariri sericum, na ile gundi niliyoitaja hapo juu mpaka leo wanasayansi wanaiita serisini, mzizi ni huo huo. Ukiangalia vizuri hapo kuna r, sasa hiyo l ya silk imetoka wapi? Wataalamu wengi wa asili za maneno wanaona Waingereza hawakulipata neno hili moja kwa moja kutoka Roma bali limezunguka kaskazini, kwa wafanyabiashara wa pande za bahari ya Baltiki, maana Warusi wanasema shyolk na Walithuania wanasema šilkas, na Kiingereza cha kale kilikuwa kinasema seolc. Kwetu hili wala halihitaji maelezo mengi, nani hajasikia mtu anayebadilishana r na l bila kujijua, ulimi wa binadamu ndivyo ulivyo.

Hariri yenyewe Ulaya ilikuwa kitu cha kutisha kwa bei. Pliny yule mwandishi wa Kirumi alilalamika kwamba India, China na Arabuni wanaichota himaya ya Roma pesa sesta milioni 100 kila mwaka kwa sababu ya anasa, hariri ikiwemo. Kwenye mwaka 552 hivi ndo watawa wakafanikiwa kuingiza mayai ya viwavi Constantinople (Istanbul ya leo) kwa siri, kwa Mfalme Justinian, na siri ya China ikaanza kuvuja kwenda magharibi. Uingereza kwenyewe mwaka 1363 walitunga sheria ya mavazi, watu wa chini marufuku kuvaa hariri, na sheria za aina hiyo zilikuja kufutwa 1604. Kwa hiyo Mwingereza wa zama hizo akisema kitu ni kama hariri ndani yake kulikuwa na mambo mawili kwa pamoja, ulaini na ukubwa, kitu cha watu wa juu. Mimi naona hili ndilo linalofanya msemo upendeke na watangazaji wa biashara mpaka leo, hakuna tangazo litakalokwambia smooth as sabuni hata kama sabuni inateleza kuliko hariri.

Baadaye ikaanza kushuka kwa watu. Mfalme James wa Kwanza alitaka Uingereza izalishe hariri yake, mwaka 1609 akahimiza miti ya forosadi ipandwe kwa maelfu, mingi ikawa forosadi nyeusi wakati viwavi wanapenda nyeupe, mpango haukwenda popote. Kilichofanikiwa ni ufumaji, hasa baada ya 1685 Waprotestanti wa Ufaransa walipokimbia mateso kwao wakahamia mtaa wa Spitalfields London na vitanda vyao vya kufumia, halafu mwaka 1721 kikakamilika kiwanda cha nyuzi za hariri pale Derby kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji. Utepe, leso, soksi, mtu wa kawaida naye akaanza kuishika kwa mkono wake, na msemo unaotegemea mkono kujua haukui mpaka watu wengi wameshika.

Lakini usidhani hariri ilikuwa peke yake kwenye hili shindano. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 14, alipotaka kueleza nywele za mhusika wake mmoja, muuza misamaha ya dhambi ya kanisa, kwamba zimelala zimenyooka hakutaja hariri, alisema zimening’inia smooth kama fungu la kitani, maana kitani ndo kilikuwa kwenye kila nyumba. Kwenye tamthilia ya Shakespeare, Othello anasema ngozi ya mkewe Desdemona ni smooth kama alabasta ya kwenye makaburi, na hapo ukijua anakwenda kumuua mwili unasisimka, kailinganisha ngozi ya mtu aliye hai na jiwe la kaburi. Biblia ya Kiingereza ya 1611 nayo ina siagi na mafuta, Zaburi ya 55 inasema maneno ya kinywa chake smooth kuliko siagi na vita iko moyoni. Leo bado wanasema kama siagi, kama kioo kwa maji yaliyotulia, kama mahameli kwa sauti au kinywaji, kama makalio ya mtoto mchanga kwa kidevu kilichonyolewa sawasawa.

Hariri imewapita wote hao kwa sababu mojawapo ndogo ambayo watu huwa hawaitazami, sauti. Smooth, silk, s na s. Waingereza wanapenda mno misemo ya namna hii inayoanza na herufi moja, busy as a bee, good as gold, cool as a cucumber, right as rain, nyingine maana yake hata haieleweki vizuri, mvua ina usahihi gani? Ila masikio yamekubali. Na hizi s mbili zinapita mdomoni bila kugonga popote, jaribu kusema kwa sauti uone, ulimi wenyewe unateleza. Msemo unafanya kile unachokisema, na huo ndo msemo usiokufa. Shirika la ndege la Thailand, Thai Airways, limejitangaza miaka mingi kwa maneno hayo hayo, Smooth as Silk, na wao wana sababu mbili, safari isiyo na misukosuko na hariri ya Thailand yenyewe inayojulikana dunia nzima.

Sasa turudi kwako na Kiswahili, maana hapa ndipo kazi yako ilipo.

Kuna watu watakwambia laini kama hariri ni Kiingereza kilichovaa kanzu, usikubali haraka. Hariri sisi hatukuletewa na Mwingereza. Neno ni la Kiarabu, harir, na kitu chenyewe kilikuja kwa majahazi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa nguo avae, mojawapo shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, na akamwona sultani anatembea chini ya miavuli ya hariri ya rangi yenye ndege wa dhahabu juu yake. Hiyo ni zaidi ya karne mbili kabla ya Shakespeare kuzaliwa. Waislamu wa pwani wanajua kabisa kwamba hariri mwanamume amekatazwa hapa duniani na Kurani imewaahidi watu wa peponi wavae hiyo hiyo hariri, kwa hiyo kwa Mswahili hariri ina uzito wake kabla hata tangazo la losheni halijaandikwa. Halafu tuna sufi, ile ya mti wa msufi tunayojazia mito, nyororo kama sufi, tuna pamba. Bibi zetu hawakupungukiwa na ulaini wa kulinganisha.

(Kidogo tu hapa, maana napenda sana hili: kwenye Kiarabu hariri ya nguo, uhuru wetu, hari ya jasho na joto, na kuhariri kule kwa mhariri wa gazeti, vyote vimejengwa na herufi zile zile za mzizi, h ile ya kooni na r mbili. Sisemi maana moja imezaa nyingine, nasema neno unalolitafsiri lina ndugu wengi nyumbani kwako kuliko alionao “silk” London.)

Shida ni kwamba laini yetu na smooth yao hazilingani. Laini kwetu kwanza ni kitu kisicho kigumu, mkate laini, nyama laini, godoro laini, ambapo Mwingereza angesema “soft”. Kioo ni smooth lakini hakuna Mswahili atakayekiita laini kama mkate, atasema kinateleza, au kimesuguliwa kikang’aa. Barabara ya lami mpya ni smooth, sisi tunasema imenyooka, haina mashimo, gari linateleza tu. Uji usio na mabonge. Kahawa au pombe isiyokwaruza koo, inashuka tu. Ndege imetua bila kishindo. Ukiangalia kwa makini Kiswahili kinapenda kutaja kile kikwazo halafu kinakiondoa, bila mabonge, bila mashimo, bila kishindo, wakati Kiingereza kinakusanya vyote kwenye sifa moja. Hii usiione kama upungufu wa lugha, mimi naona inamsaidia msomaji kwa sababu anaona ni tatizo gani hasa halipo.

Sehemu moja tu tumekutana nao sawasawa, maneno. Isaya sura ya 30 watu wanawaambia manabii wawaambie “maneno laini”, na Kiswahili kimeliweka hivyo hivyo na kila mtu anaelewa kwamba ni maneno ya kumfurahisha mtu huku yanamdanganya. Kwa hiyo ukikutana na “he’s smooth as silk” kwa mtu wa mauzo au mwanamume anayetongoza usikimbilie kumsifia, tazama kwanza mwandishi ana nia gani. Akiwa anamsifia, sema ana ulimi mtamu, anajua kuongea. Akiwa anamshuku, ana maneno laini, au sema tu mjanja wa maneno, na methali ipo, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Kwa hiyo tumalizie zile sentensi zako tatu. Losheni iache, ngozi laini kama hariri ni Kiswahili safi, ila kama unataka kuisogeza zaidi ubadili laini uweke nyororo, ngozi nyororo kama hariri, maana nyororo ni ya mguso na laini inaweza kumfanya mtu afikirie ngozi iliyolegea, na mnunuzi wa losheni hataki hilo.

Gari nalo achana na hariri kabisa. Simama karibu na dereva wa daladala umsikilize anavyolisifia gari jipya, hatataja kitambaa, atasema gia zinaingia zenyewe, injini imetulia husikii hata kama iko on, linateleza. Mimi ningeandika “gia zinaingia bila kushtua, gari linateleza tu.” Hapo umemchukulia abiria mkono ukamweka kwenye kiti, anajua kushtuliwa na gia kukoje kwa sababu kila asubuhi anashtuliwa.

Ripoti ya mkutano inategemea ni ya nani. Ikiwa ya ofisi iende kwa wakubwa, “mkutano ulikwenda vizuri bila mkwamo wowote” inatosha na hakuna atakayeirudisha. Ikiwa ni ya jarida la wafanyakazi au ya mtandaoni mahali watu wanaongea kama tunavyoongea hapa, basi una uhuru zaidi, kuna ile ya rahisi kama kumsukuma mlevi lakini hiyo ni ya wepesi wa kazi sio ya utulivu wa mambo kwa hiyo hapa haikai, bora “mambo yalikwenda kama yalivyopangwa, mwanzo mpaka mwisho hakuna kilichokwama.” Ndefu kidogo kuliko maneno matatu ya Kiingereza, najua, na kama nafasi kwenye ukurasa ni ndogo kata ile “mwanzo mpaka mwisho” lakini “hakuna kilichokwama” usiiguse, hiyo ndo hariri yako.